Perege wa saa sita

Julai 2016 tulilala siku mbili kando ya bwawa moja katikati ya mashamba ya chai, Mufindi, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Choo cha shimo, bomba hakuna. Mwenzangu ni mtu wa Kyela. Kwao baridi inapatikana kwenye soda tu.

Hema tulilisimamisha bondeni, hatua kumi kutoka majini, kwa kuwa palikuwa tambarare. Kumbe hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu inateremka kwenye miteremko na kutuama bondeni kama maji. Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na ndani ya hema kunadondoka: tulikuwa tumefunga kila tundu, pumzi zetu zikageuka maji kwenye kitambaa.

"Kamwene, wanangu," mzee mlinzi wa bwawa akatusalimu. "Huku chini hata mbwa halali."

Akatuhamishia juu kwenye miti ya miwati, hatua arobaini hivi, mlango ukielekea mashariki. Tukakata nyasi kavu, tukazitandaza unene wa shibiri moja, turubai juu yake. Ardhi ndiyo inayonyonya joto la mgongo, hata ujifunike mablanketi matatu. Madirisha mawili yakaachwa wazi vidole viwili. Jiko la mkaa ambalo mwenzangu alikuwa ameliingiza hemani, mzee alilitoa mwenyewe bila kuomba ruhusa: gesi yake haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Badala yake tukajaza maji ya moto kwenye dumu la lita tatu (si yanayotokota, plastiki inalegea), tukalifunga kwa sweta na kuliweka miguuni.

Samaki ndiyo waliotutesa. Tangu saa kumi na mbili asubuhi tulikaa na fito za mianzi, ndoana ndogo, chubwi ya kuizamisha, na kiboya cha gunzi. Hakuna hata aliyegusa. Mwenzangu akaapa kwamba bwawa ni tupu.

"Baba, hata wewe ungeamka saa hizi ukale?" mzee akamuuliza.

Perege ni samaki wa maji ya joto. Yakishuka chini ya nyuzi 16 hivi, karibu anaacha kula kabisa. Tukasubiri jua lipande, tukahamia upande wenye kina kifupi, unaokingwa na upepo. Kiboya tukakishusha hadi urefu wa mkono mmoja juu ya ndoana, mnyoo tukaukata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, maana akipewa mrefu anaudonoa pembeni na kuondoka. Kati ya saa sita na saa tisa tukatoa saba. Jua lilipoegemea miti ya milingoti, kimya tena.

Maharage tuliyoinjika mchana yalikuwa bado magumu jioni. Kwenye mwinuko ule maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na sisi hatukuyaroweka. Tukala perege wa kuchoma na ugali. Maharage yaliiva usiku, tukayanywea chai asubuhi.