Mkataba wa Winnipeg na Uzigua yetu

Vijana wa Bagamoyo wanaojiandaa kuja Kanada huniuliza ada, baridi na vibarua. Leo niulizeni somo. Chuo Kikuu cha Winnipeg, tangu 2016, kinamtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome kozi inayohusu wenyeji asilia wa nchi hii: Wakrii, Waanishinaabe, Wametis na wenzao. Wageni wengi huipitia ili mradi wafaulu. Msifanye hivyo.

Mimi ilinishika mada ya mikataba. Winnipeg iko kwenye ardhi ya Mkataba wa Kwanza, uliotiwa saini Agosti 1871 kati ya Taji la Uingereza na Waanishinaabe na Wakrii. Wazee wao waliondoka pale wakijua wameahidiwa ng'ombe, plau na zana nyingine za kilimo, kumbe kwenye karatasi hayamo. Walilalamika hadi serikali ikakubali baadhi ya ahadi hizo mwaka 1875, na malipo ambayo serikali humpa kila mwenyeji wa mkataba kwa mwaka yakapanda kutoka dola 3 hadi 5. Mpaka leo ni dola 5.

Mzigua hawezi kusoma habari hiyo akatulia. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alishukia Saadani akaingia bara, akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akiwatilisha machifu alama kwenye karatasi za Kijerumani. Februari 1885 Kaisari akampa hati ya ulinzi. Shuleni tuliambiwa "mikataba ya ulaghai", tukarukia Abushiri. Wale machifu walidhani wanakubaliana nini? Urafiki? Undugu wa kuchanjiana? Hatukuulizwa kamwe.

Hapa mzee wa Kianishinaabe huingia darasani kufundisha. Anayemwomba elimu humkabidhi kwanza tumbaku, kwa heshima (nasi kwetu hatuendi kwa mzee mikono mitupu). Na masimulizi yake yana nguvu hata kortini: mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya ardhi ya Wagitxsan na Wawet'suwet'en, iliamua kwamba historia ya mdomo ipokelewe kama ushahidi, iwekwe sawa na nyaraka.

Kazi yangu ya mwisho wa muhula itakuwa juu ya Uzigua. Ndugu zangu, mwenye bibi au babu Saadani, Miono au Handeni aliyesimuliwa habari za Wadachi, amrekodi kwa simu, kwa Kizigua chake, bila kumkatisha. Amuulize wakubwa wake waliwapokeaje wale wageni, na ardhi wakati huo ilikuwa mikononi mwa nani.