Siku tatu nilizongoja Kalacha: Marsabit hadi Ziwa Turkana kwa Boxer

Siku tatu nilikaa Kalacha, kaskazini mwa Kenya, nikiitazama njia ambayo ikikauka vizuri huchukua saa mbili tu. Jua lilikuwa kali, mbinguni hakuna wingu, na jangwa la Chalbi limetandaa mbele yangu tambarare kama ua lililofagiwa. Pikipiki ilikuwa nzima na mafuta ninayo. Bado niliambiwa nisiende, nami nikatii. Wenzangu wa gereji wakiniuliza habari za safari ile huanza na injini na tairi. Hayo nitayaeleza, lakini kilichonifikisha ziwani ni kule kungoja.

Mimi ni fundi wa pikipiki Mombasa. Jina la Chalbi nililisikia kwanza darasani, katika somo la jiografia, nikaliweka moyoni miaka zaidi ya ishirini. Mwaka nilioamua kwenda nilichagua mwanzo wa Machi, niwahi kabla ya masika. Nikaenda na Boxer yangu ya 150, ile ile inayobeba abiria na magunia ya mkaa Kenya nzima. Kuna rafiki aliyenisihi niazime pikipiki kubwa ya safari, nikakataa. Boxer ikianguka naiinua peke yangu, na popote penye bodaboda hapakosi mtu aliyewahi kuifungua. Kwa mtu anayesafiri peke yake, mambo hayo mawili yana uzito kuliko nguvu za injini.

Nilibeba petroli lita 10 katika madumu mawili, maji lita 12, tyubu mbili mpya, viraka na solisheni, pampu ya mkono, waya wa klachi, plagi, vipande vya cheni, tende na mkate mkavu. Mjini lita moja hunipeleka kilomita 45. Kwa mchanga nilipiga hesabu ya 30, na ndivyo ilivyokuwa. Tangi huchukua lita kama 11, kwa hiyo nilipotoka Marsabit nilikuwa na mafuta ya kilomita 600 kwa mwendo wa karibu 300 hadi Loiyangalani, kando ya ziwa. Msidhani nilizidisha. Huko mbele petroli ni ya chupa, inapatikana leo na kesho haipo, nami sikutaka shida ya mafuta inisukume kuondoka mahali kabla ya wakati wake. Hata hiyo ya chupa niichuje kwa kitambaa kwanza, maana punje za mchanga zikishaingia kwenye kabureta, utaifungua njiani huku upepo unaingiza nyingine.

Lami ya kutoka Isiolo hadi Marsabit ni nzuri, haina la kusimulia. Niliiacha Bubisa, nikapinda kushoto kuelekea Maikona. Hapo yakaanza mawe meusi ya volkeno, mengine kama ngumi, mengine kama kichwa cha mbuzi, na kati yake vumbi jembamba kama unga. Nilikwenda gia ya pili, kilomita 20 au 25 kwa saa, nimesimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea. Ukikaa kitini kila jiwe linakupiga mgongoni, na usukani unakuwa mzito kuliko unavyostahili kuwa. Kufika Kalacha mikono ilikuwa inatetemeka hata kikombe cha chai nilikishika kwa viganja vyote viwili.

Kalacha ina chemchemi na mikoma, na Wagabra huleta ngamia wao kunywa. Baada ya siku nzima ya mawe meusi, kijani kile kilinifanya nizime pikipiki nikae tu. Nilipata chumba nyuma ya kibanda cha chai cha mama mmoja. Jioni nikamwambia baba mkwe wake kwamba alfajiri naondoka kwenda North Horr.

“Fundi, hapana,” akasema. “Huri imenyesha.”

Nikatazama juu. “Mzee, mbona hapa hakuna hata wingu?”

“Maji ya Chalbi hayatoki juu. Yanatoka Huri, yanatoka Marsabit, yanatoka Kulal. Yanakuja kwa miguu.”

Asubuhi alinichukua, fimbo mkononi, tukaingia kwenye ule uwanja mweupe kwa miguu. Chalbi zamani ilikuwa ziwa, na bado ni bakuli: mvua za milima inayoizunguka, kama hiyo Huri, Marsabit na Kulal, huishia humo, kisha jua hukausha na kuacha chumvi. Juu kuna gamba gumu mithili ya ukoko wa wali, linalobeba mtu bila kulalamika. Mzee akalichoma kwa fimbo. Ilizama shubiri mbili, akaitoa ikiwa na tope jeusi linalonata kama gundi. Akanionyesha nyayo za ngamia aliyepita usiku, kila unyayo una maji ndani. Hapo nikaelewa kwamba ningefika mbali kidogo tu, pahali pasipo mtu, kisha gurudumu la nyuma lingezama hadi kwenye cheni.

Siku ya kwanza ya kungoja niliona uchungu. Nilikuwa na likizo ya siku 12, na kila saa ilinikereketa. Siku ya pili nikaanza kufungua pikipiki za vijana wa pale: moja klachi inateleza, nyingine spoki nne zimekatika. Malipo yakawa maziwa ya ngamia na maelezo ya njia, na maelezo yale yalikuwa na thamani kuliko ramani ya simu yangu, iliyochora mstari mmoja ulionyooka. Vijana walinichorea mchangani njia tatu, wakaniambia ipi ya kiangazi na ipi ya baada ya mvua. Penye weupe mkavu pita. Pakiwa na rangi ya hudhurungi zunguka, hata ikiwa ni nusu kilomita. Na usiingie kwenye mtaro wa lori, kwa sababu lori limeshavunja gamba. Kaa pembeni yake, hatua tano au sita.

Siku ya tatu alasiri lori la mifugo liliingia kutoka North Horr. Mzee akaenda kuyatazama matairi yake kabla hajamsalimia dereva. Yalikuwa na vumbi, hayana tope. “Kesho,” akaniambia. Mama wa chai akaandika namba yake kwenye kipande cha boksi. “Ukifika ziwani utupigie. Usipopiga, tutatuma watu.” Akampigia pia shemeji yake wa North Horr kumweleza nguo zangu na rangi ya pikipiki.

Niliondoka kabla ya jua, na ile Chalbi niliyoiogopa ikanipokea vizuri kuliko barabara yoyote niliyowahi kupita, kilomita 50 kwa saa, laini, kimya. Mara moja tu niliona hudhurungi mbele nikazunguka mbali. Kabla ya saa tatu nilikuwa North Horr nakunywa chai, na shemeji mtu ameshanitambua kwa mbali.

Kosa nililifanya mwenyewe siku iliyofuata. Mchanga wa pembeni mwa North Horr ni mzito, nikapunguza upepo wa tairi la nyuma hadi tairi likalala kidogo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa mchanga. Lakini baada ya kijiji cha Gas njia hurudi kwenye mawe ya volkeno, nami kwa uvivu wa kushika pampu sikulijaza tena. Jiwe moja lenye ncha likabana tyubu kwenye rimu, ikatoka matundu mawili pacha. Kazi ya dakika 20 gerejini ikanichukua saa mbili. Upepo ulikuwa unanyanyua viraka kutoka mkononi, solisheni inakauka kabla sijaibandika, na pikipiki niliyoiegemeza ililala chini mara mbili. Mwishowe niliiacha hiyo hiyo ilale, nikajificha nyuma yake, nikavalisha tyubu mpya bila kuhangaika na kiraka, nikajaza upepo mpaka mkono ukafa ganzi.

Upepo huo sikuuelewa mpaka nilipofika. Jangwani nilikuwa nimezoea kanuni moja: toka alfajiri, pumzika mchana. Karibu na mlima Kulal kanuni hiyo inageuka, kwa kuwa upepo wa mashariki huvuma kwa nguvu zaidi usiku na asubuhi, kisha hupungua alasiri. Ulinipiga ubavu wa kushoto ukinisukuma kuelekea mawe, nikaendesha nimeinama kama anayevuta mkokoteni. Si ajabu mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimikwa kusini mwa hapo. Barabara iliyokarabatiwa kwa ajili ya kuipitisha, ile ya Laisamis, ndiyo niliyorudi nayo nyumbani. Ni ya changarawe, ndefu, salama.

Ziwa lilitokea ghafla chini ya mawe, kijani hasa, na upepo unakwangua mgongo wake. Loiyangalani nilipata mtandao kabla ya kupata kivuli. Nikampigia mama wa chai, akaniuliza afya, akaniuliza tairi, kisha akampa mzee simu.

“Umefika, fundi?”

“Nimefika, Mzee. Ahsante sana.”

“Vizuri. Huri imenyesha tena usiku. Chalbi imefunga.”