Alasiri ya Kuandika Faili Moja la Mipangilio ya Ansible

Timu yetu ilikuwa imeshaizoea Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja, kabla ya yeyote kati yetu kufikiria kwamba mipangilio yake ilipaswa kuamuliwa kwa pamoja. Programu hiyo, ambayo Michael DeHaan aliitoa mwaka 2012 na ambayo kampuni iliyoiendeleza ilinunuliwa na Red Hat mwaka 2015, hupendwa upesi kwa sababu haihitaji kusakinishiwa programu msaidizi yoyote kwenye seva inayosimamiwa: huingia kwa SSH, yaani njia salama ya kuunganika na kompyuta ya mbali, hutekeleza kazi, kisha huondoka. Kwa urahisi huo, kila mmoja wetu alikuwa ameanza kuitumia kivyake, akiwa na faili lake la mipangilio lililofichwa kwenye saraka yake ya nyumbani. Matokeo yake yalikuwa kwamba maelekezo yale yale, yakiendeshwa na watu wawili, yaliingia kwenye seva kwa majina mawili tofauti ya mtumiaji. Kwa mmoja kazi ilikamilika, na kwa mwingine ilikwama katikati kwa kukosa ruhusa.

Mimi na dada mmoja aliyenitangulia kazini tulipewa alasiri moja tuandike faili litakalotumiwa na wote. Tulianza na swali la mahali pa kuliweka, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa chanzo cha vurugu yetu. Ansible hutazama kwanza kigezo cha mazingira kiitwacho ANSIBLE_CONFIG (thamani iliyowekwa nje ya programu, inayotaja faili la kusomwa), kisha faili la ansible.cfg katika saraka unayofanyia kazi, kisha .ansible.cfg katika saraka yako ya nyumbani, na mwisho /etc/ansible/ansible.cfg. Faili la kwanza kupatikana ndilo linalosomwa, na yaliyobaki huachwa yote. Hayaunganishwi hata kidogo. Baadhi ya wenzetu walikuwa wameweka faili dogo ndani ya mradi wakiamini kwamba mistari yake ingeongezwa juu ya ile ya nyumbani, kumbe kwa kufanya hivyo walikuwa wameifuta ile ya nyumbani yote bila kujua. Tulikubaliana kwamba faili letu likae ndani ya mradi, lihifadhiwe katika Git, programu inayotunza historia ya mafaili, pamoja na maelekezo yenyewe, na kwamba kila mstari utanguliwe na maelezo ya sababu ya kuwapo kwake.

Mengine yaliamuliwa haraka. Idadi ya seva zinazoshughulikiwa kwa wakati mmoja, ambayo ni 5 usipoibadilisha, tuliipandisha hadi 20, kwa kuwa mashine yetu ya usimamizi ilikuwa na kumbukumbu ya kutosha. Muda wa kusubiri muunganisho, ambao kwa kawaida ni sekunde 10, tuliufanya kuwa 30 kwa ajili ya seva zilizokuwa nyuma ya mtandao wa polepole.

Tulichobishana kwa kirefu ni mstari wa host_key_checking. Ansible, kama ilivyo SSH yenyewe, hukagua ufunguo unaoitambulisha seva, na ikikutana na seva isiyoifahamu husimama na kuuliza. Seva zetu zilikuwa zikijengwa upya mara kwa mara, kwa hiyo wenzetu wengi walikuwa wameuzima ukaguzi huo kwenye mafaili yao, na walitarajia kwamba sisi pia tungeuzima kwa wote. Nilipinga kwa nguvu zangu zote, na hata leo ningepinga. Maelekezo yetu yalibeba manenosiri ya hifadhidata na vyeti vya usalama, na kuyapeleka kwa mashine ambayo haijathibitishwa ni sawa na kumkabidhi mtu funguo za nyumba kwa sababu tu amebisha hodi. Mtu akiamua kuuzima ukaguzi kwa kazi yake moja, anajua alichokifanya. Lakini ukizimwa katika faili la wote, mgeni atakayejiunga na timu mwaka unaofuata atafanya kazi bila ulinzi huo na bila kujua kwamba uliwahi kuwapo.

Mwenzangu alinisikiliza, kisha akasema, "Mdogo wangu, nakubaliana nawe, lakini ukiwakatalia bila kuwapa njia nyingine, kesho kila mtu atauzima kwa mlango wa nyuma." Alikuwa na haki. Kwa hiyo tuliandika hatua ya ziada katika utaratibu wa kujenga seva: ufunguo wa seva mpya usomwe kwenye konsoli yake inapowashwa mara ya kwanza, kisha uingizwe katika known_hosts, faili la funguo za seva zinazofahamika, linalotumiwa na timu nzima. Ukaguzi ukabaki umewashwa, na swali lililokuwa likiwaudhi watu likatoweka.

Mstari wa pipelining nao ulitupa kazi. Ukiwashwa, hupunguza safari za SSH zinazohitajika kwa kila kazi, na tofauti ya kasi ilionekana wazi. Hata hivyo, seva zetu za zamani zilikataa, zikisema kwamba sudo, amri ya kuendesha kazi kwa mamlaka ya msimamizi, inahitaji terminali, kwa kuwa mpangilio wa requiretty unaolazimisha hivyo ulikuwa bado umo katika sudoers, faili la mipangilio ya sudo. Tuliuondoa kwa visudo, amri ya kuhariri faili hilo, kwenye seva hizo, na tukalitaja sharti hilo katika maelezo yaliyo juu ya mstari.

Tulipolipeleka faili kwenye mashine ya pamoja, Ansible ililipuuza kabisa. Onyo lilieleza kwamba saraka ya mradi ilikuwa wazi kwa kila mtu kuandika, na kwamba kwa hiyo faili lililomo halitasomwa. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi mzuri wa waandishi wa programu, kwa maana faili la mipangilio linaweza kuelekeza mahali pa kupakia msimbo, na yeyote awezaye kuliweka hapo angeweza kuendesha msimbo wake kwa jina lako. Tungeweza kulikwepa onyo kwa kuandika njia ya faili katika ANSIBLE_CONFIG, lakini tulichagua kurekebisha ruhusa za saraka ili kikundi chetu peke yake ndicho kiweze kuandika.

Jioni tulimwomba kila mmoja aingie katika saraka ya mradi na kuendesha amri ya ansible-config dump --only-changed, ambayo huonyesha mipangilio iliyotofautiana na ile ya asili pamoja na mahali ilikotoka. Majibu yalilingana kwa wote isipokuwa mmoja, ambaye ANSIBLE_CONFIG yake ilikuwa bado inaelekeza kwenye faili lake la zamani. Aliufuta mstari huo katika .bashrc, faili linalosomwa kila terminali inapofunguliwa, akafungua terminali upya, na majibu yake yakawa sawa na yetu.