Sentimita tano za maji juu ya mchanga

Chujio la mchanga linalotegemea vijidudu aghalabu huuliwa na bidii ya usafi. Wanaokula uchafu wa majani yaliyooza na mabaki ya wadudu ni bakteria na wenzao wanaoota kama utando kwenye sentimita chache za juu za mchanga. Wakifa, umebaki na mchanga tu.

Utando huo unapumua. Chujio likipumzika, maji yasimame kama sentimita 5 juu ya mchanga. Oksijeni hupenya maji yaliyotulia polepole mno, kwa hiyo kina kikizidi sana utando hukabwa. Maji yakikauka, nao hukauka. Kina hicho huamuliwa na mdomo wa bomba la kutolea, ndiyo maana usifunge koki pale. Koki ikifungwa, maji hujaa juu ya mchanga. Ukichomeka mpira unaoning'inia chini, utayafyonza maji yote.

Mchanga upite kwenye chekeche la milimita 0.7, ujazwe kina cha sentimita 50 hivi juu ya changarawe, na umiminwe ndani ya maji ili usifungie hewa. Usiuoshe hadi maji yawe meupe pee: chembe laini kabisa zitakwenda na maji. Jaza chujio, kinga lita 1. Ikijaa kabla ya sekunde 150, maji yanakimbia mno.

Utando hukomaa kwa takriban siku 30, ukilishwa kila siku maji ya chanzo kilekile. Mpaka hapo, na hata baadaye, maji yatibiwe kabla ya kunywewa. Klorini itiwe kwenye chombo cha kukingia, kamwe isimwagwe juu.

Mtiririko ukizorota, koroga maji ya juu kwa kiganja, ukigusa uso wa mchanga tu, kisha uteke tope. Ukichimba kwa vidole unalizamisha.

Maji yenye rangi ya chai ni kesi nyingine. Rangi hiyo hutoka kwenye mabaki ya mimea ambayo vijidudu huyatafuna kwa shida, na sehemu kubwa hupita. Mitambo mikubwa huyavunjavunja kwanza kwa gesi ya ozoni, halafu huyapitisha kwenye kaboni (makaa maalumu ya kunasa uchafu) iliyoota bakteria. Ozoni peke yake ni hasara: vipande vilivyobaki huwa chakula cha bakteria ndani ya mabomba. Nyumbani, weka kaboni baada ya mchanga na uibadilishe ikichoka, ukitangulia kuondoa rangi ndipo utie klorini, kwani klorini ikikutana na mabaki hayo huzaa trihalomethani, kemikali zinazoweza kudhuru afya.