Swala Zako Ndizo Zinazokuamrisha?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Nabii Shuaibu (a.s.) aliwakataza watu wa Madyan kupunja vipimo na mizani. Hawakubisha kuhusu mizani. Walimuuliza kama ni swala zake ndizo zinazomwamrisha kwamba wao waache kufanya wapendavyo katika mali zao (Sura Hud, 11:87). Kwao swala ilikuwa na pahala pake na mali pahala pake, wakamshangaa anayeviunganisha.

Huku kwetu Tandahimba na Newala nani atathubutu kuuliza hivyo kwa mdomo? Lakini tazameni tunavyoishi. Msimu wa korosho ukifunguliwa, siku ya kupima pale chama cha msingi cha ushirika wa wakulima macho yote yako kwenye mizani. Gunia likisomwa pungufu nusu kilo, zogo. Makato yakipanda, mkutano haukaliki. Na wana haki kabisa: mfumo wa stakabadhi ghalani, wa mkulima kuweka korosho ghalani na kupewa stakabadhi, ulipoanza Mtwara mwaka 2007, ulikusudiwa mkulima apimiwe sawasawa na korosho zake ziende mnadani.

Sasa, miongoni mwa wanaopaza sauti pale, wamo wanaonunua kangomba, yaani korosho za wenzao kwa magendo, nje ya chama. Mnawajua, nami nawajua. Mwezi wa pili au wa tatu, chakula kimeisha ndani, mjane anatoka baada ya Isha, kajifunika kanga asitambuliwe, kwenda kuomba pesa ya daftari na sare za mtoto. Mikorosho haijatoa hata ua. Anapewa hela, atalipa korosho, kwa bei aliyoipanga mwenye hela. Oktoba ikifika anapimiwa kwa kopo. Linajazwa, linatikiswa zishuke, linajazwa tena mpaka lifanye kilima, na mnunuzi anakizungushia kiganja kisimwagike. Hiyo ndiyo "kilo". Kisha korosho hizohizo zinapelekwa chamani kwa jina la mnunuzi, na huko anaichungulia mizani isimpunje hata kidogo.

Mwenyezi Mungu amewataja katika Sura ya 83: ole wao wapunjao, wanaotaka watimiziwe wanapopokea, na wakiwapimia wengine hupunguza. Huyu wa kwetu amewapita, maana anapopokea kwa mjane hatosheki na kamili, anataka na kilima juu yake.

Wapo wanaojitetea: ni biashara, tumekubaliana. Haya. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa, wala hakulifunga jambo hilo. Alisema anayelipia kabla, alipie kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hadithi hiyo ya Ibn Abbas wameipokea Bukhari na Muslim. Basi mlango wa halali upo wazi, na ndiyo maana kopo lile halina udhuru. Ama anayekopesha pesa na kudai arudishiwe pesa zaidi, hilo hata halihitaji mjadala.

Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na kuanza kuhakiki mashamba, tuliona wanunuzi wa kangomba wasio na mashamba wakihangaika kutafuta mikorosho ya kuonyesha. Mhakiki aliogopwa sana; Mwenyezi Mungu je?

Linaloniumiza zaidi ni sisi wengine. Ramadhani ikiingia, mtu yuleyule analeta tende, mchele na mikeka mipya msikitini. Tunamshukuru kwa kipaza sauti, tunampisha safu ya mbele, na mjane aliyezikusanya korosho zile yuko nyuma ya pazia anasikiliza jina likitajwa. Hakuna anayemuuliza mfadhili kitu. Tunakunja uso kwa kijana aliyenyoa kiduku, kwa hili tunanyamaza, na ukimya wetu unamwambia kwamba yuko sawa.

Qurani (2:280) inasema mwenye deni akiwa katika dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Kwa hiyo nawaomba wenye madaftari ya madeni wayafungue sasa, kabla msimu haujafunguliwa. Aliyeandika kwa kopo ahamishie kwenye mizani. Anayeweza kufuta, afute. Nasi wa msikitini tutenge sehemu ya sadaka za msimu huu kwa ajili ya Februari na Machi, miezi ambayo watu wanalazimika kukopa. Ijumaa hii baada ya swala tutakaa barazani kulipanga, kina mama nao waje, wao ndio wanaojua nyumba ipi imekwama.

Wabillahi tawfiq.