Ritifaa Iliyonifundisha Kuhakiki Data Kwenye Seva

Nilipounda mfumo wa kusajili wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo jijini Mwanza, masharti yote ya fomu niliyaweka kwa JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari cha mtumiaji, nami niliridhika kila kivinjari kilipokataa nafasi iliyoachwa wazi. Siku ya kwanza ya usajili, mama mmoja wa ukoo wa Ng'wandu alituma fomu yake, na seva ikarudisha kosa la hifadhidata.

Chanzo kilikuwa ritifaa, yaani ile alama ya (') iliyomo katika jina lake. Amri ya SQL, lugha ya kuwasiliana na hifadhidata, nilikuwa nimeiunda kwa kuunga vipande vya maandishi, hivyo alama ile ilifunga nukuu katikati ya jina, na herufi zilizobaki zikasomwa kama sehemu ya amri. Nilishtuka kutambua kwamba upenyo uliomkwamisha mama yule ndio ambao mtu mwenye nia mbaya angeutumia kuandika amri zake mwenyewe. Nilishauriwa nipige marufuku ritifaa. Nilikataa, kwa kuwa Ngwandu si Ng'wandu, na hakuna anayestahili kuharibiwa jina ili programu yangu ipumue. Badala yake niliandika upya amri zote kwa PDO, zana ya PHP ya kuwasiliana na hifadhidata, ambapo amri hutayarishwa kwanza na data hufuata peke yake ikiwa thamani tu. Jina linapoonyeshwa kwenye ukurasa, hupitia kwanza htmlspecialchars, kitendakazi cha PHP kinachofanya alama maalumu zionyeshwe kama maandishi tu.

Kisha nilituma ombi moja kwa moja kwenye seva kwa curl, programu ya kutuma maombi bila kivinjari, bila kuigusa fomu, nikiweka akiba ya -50000. Seva ilipokea, na salio likapungua! Tangu hapo kila sharti linakaguliwa kwenye seva, na JavaScript imebaki kumsaidia mtumiaji aone kosa mapema. Hata hivyo, ukaguzi haupaswi kuwa wa kikatili: anayeandika 50,000/= ameeleweka, kwa hiyo naondoa mkato na alama ya shilingi, ndipo nahakikisha kuwa ni namba kamili inayozidi sifuri. Nambari za simu, ziwe zimeanza na 0 au +255, nazigeuza kuwa 255 na tarakimu 9, na zisizogeuzika nazikataa kwa ujumbe unaotaja kosa.

Ritifaa ilinirudia baadaye, kwani baadhi ya simu huiandika ikiwa imepinda, na kwa kompyuta hiyo ni herufi nyingine kabisa. Wanachama kadhaa walijikuta wamesajiliwa mara mbili. Sasa naigeuza kuwa iliyonyooka kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Rekodi za awali niliziunganisha kwa mkono, nikimpigia simu kila mwenye jina.