Nilivyoacha kubonyeza na kuanza kuangalia kikonyo

Ushauri niliokuwa nikipewa kila mara ni huu: chukua tunda lenye rangi kali, libonyeze, likilegea kidogo limeiva. Umenifanya nitupe chakula kingi, na bado unarudiwa kana kwamba ni elimu. Wekundu wa embe unategemea aina yake na upande uliopigwa jua. Hausemi lolote kuhusu kuiva. Chungwa hukomaa na kuwa tamu likiwa bado la kijani, hasa mahali ambapo usiku hauna baridi. Kubonyeza nako ni uharibifu. Alama ya kidole haionekani pale dukani. Hujitokeza baada ya siku moja au mbili, doa la kahawia ndani ya nyama ya tunda, na kabla yako wameshabonyeza wengine.

Nanasi ndilo lililonifungua macho. Nilinunua gumu, la kijani kutoka kitako hadi kwenye majani, nikaambiwa nilivundike kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Nikalivundika. Siku ya tatu ganda likaanza kuwa manjano, siku ya tano likawa la kupendeza kabisa, nikaamini nimefaulu. Kisu kilipoingia, juu lilikuwa kali vilevile, na chini limeshaanza kuchachuka, linanuka siki. Sababu nimeielewa baadaye. Ndizi inapokatwa mtini inakuwa imejaa wanga, na gesi ya ethilini, ambayo tunda bivu huitoa, huchochea wanga ule ugeuke sukari. Nanasi halina akiba hiyo. Sukari yake yote huletwa na mmea kupitia shina, kwa hiyo likishakatwa halipati nyingine. Ganda litabadilika rangi, nyama italainika, utamu utabaki ulivyokuwa.

Tangu hapo nayagawa matunda kwa maneno mawili tuliyonayo tayari: pevu na bivu. Embe, parachichi, papai, ndizi na nyanya nanunua yaliyopevuka, yaive nyumbani. Nanasi, tikiti maji, zabibu, stroberi, machungwa na ndimu nachukua yakiwa tayari, la sivyo nayaacha. Lakini embe changa nalo halivundikiki. Litasinyaa tu na kubaki chachu. Litazame mabega: embe pevu limejaa pande zote za kikonyo, hata kikonyo kinaonekana kimezama, ilhali changa limeteremka kama kichwa cha yai.

Nanasi sasa nalinusa kitakoni. Harufu tamu nachukua, harufu ya siki naacha, lisilonuka kabisa naacha pia. Kisha nalipima mkononi dhidi ya jingine la ukubwa uleule, zito ndilo lenye maji. Ule ujanja wa kung'oa jani la katikati siutegemei, maana majani hulegea hata kwa uzee. Tikiti maji huligeuza nitafute doa lilipolalia ardhi. Doa la manjano kama siagi ni dalili kwamba lilikaa shambani hadi likakomaa. Likiwa jeupe au la kijani hafifu, lilikatwa mapema.

Kwenye parachichi mchezo wote uko kwenye kile kitufe cha kikonyo. Nakigusa kwa ubavu wa kidole, bila kukichokonoa. Kikiachia chenyewe na chini yake pana kijani kibichi au manjano, tunda ni la kuliwa leo. Pakiwa kahawia iliyokolea, ndani huenda limeshaharibika. Kikishikilia, lina siku 3 hadi 5 za kungoja. Usiking'oe kwa nguvu, kwa sababu hewa na kuvu huingia pale na tunda huoza kuanzia shingoni.

Mboga nazo husomwa pale zilipokatwa. Shina la kabichi likiwa jeupe na lenye unyevu, ni ya karibuni. Likiwa la kahawia na lenye nyufa, imekaa. Ila wauzaji hulikata upya na kubandua majani ya nje, kwa hiyo natazama rangi yake pia: iliyobanduliwa mara nyingi ni nyeupe mno kwa nje, haina hata jani moja la kijani kilichokolea. Mchicha na spinachi hunyunyiziwa maji ili zing'ae. Usitazame ncha za majani, fungua katikati ya fungu pale kamba ilipobana, kwani uozo na utelezi huanzia hapo. Fungu likiwa limelowa, nalikausha kwa kitambaa kabla ya kuliweka kwenye friji.

Bilinganya iwe inang'aa. Iliyofifia ina mbegu ngumu na uchungu. Bamia isizidi kidole, karibu sentimita 10. Kitunguu kiguse shingo: ikiwa laini, kimeanza kuoza ndani ingawa nje ni kikavu. Karoti zenye majani ni nzuri kwa sababu majani hutoa siri ya umri wake, lakini yakate ukifika nyumbani, yanaendelea kunyonya maji ya mzizi. Kiazi chenye rangi ya kijani nakirudisha bila mjadala, kwani ile rangi huendana na solanini, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Kuna wanaodharau mboga zilizogandishwa. Mimi nazichukua, kwa kuwa hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, wakati majani mabichi yanapoteza vitamini C kila siku yanayokaa rafuni. Kabla ya kulipa natikisa mfuko. Njegere zikigongana moja moja ziko sawa. Zikiwa bonge moja, ziliyeyuka njiani zikagandishwa tena. Na stroberi za kwenye kopo la plastiki, geuza kopo utazame chini. Karatasi ya chini ikiwa imelowa wekundu, moja imeshapondeka, na kuvu lake litafikia zilizo jirani ndani ya siku moja au mbili.